Kabla hujamlaumu mtoto, likague gitaa ulilomnunulia

Kwa miezi mitatu, mama mmoja mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam alikuwa akimwona mwanawe wa miaka 16 akitoka chumbani huku akipuliza vidole. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa nyekundu, na ubavuni mwa kidole cha shahada kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo kama ya wembe.

Kilichokuwa kikimuumiza ni gitaa la umeme, zawadi ya baba yake baada ya kufaulu vizuri mtihani wa kidato cha pili. Gitaa lilikuwa jeupe, linang'aa, na kwenye kichwa chake lilikuwa na jina la Fender pamoja na saini ya Eric Clapton, mpiga gitaa mashuhuri wa Uingereza. Baba alilipa Sh700,000 kwa muuzaji aliyempata mtandaoni, akarudi nyumbani akiamini ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Mwezi wa kwanza kijana alifanya mazoezi kila jioni. Mwezi wa pili akawa anapiga Jumamosi tu, kabla ya mazoezi ya kwaya. Mwezi wa tatu alilirudisha gitaa kwenye mfuko wake na kulisukuma chini ya kitanda.

Mama alipomuuliza, alijibu kwa kifupi: "Sina kipaji, mama. Vidole vyangu havifai."

Nyumba ikagawanyika. Mama alisema fedha ile ingelipia masomo ya ziada ya hesabu. Baba alisema mtoto ni mvivu, anataka vitu vya bei halafu hataki kujituma. Hakuna aliyewaza kwamba mwenye kosa anaweza kuwa gitaa lenyewe.

Baba aliamua kuliuza. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyemshauri kwanza alipeleke kwa fundi likaguliwe, ili ajue bei ya kumtajia mnunuzi.

Fundi aliyewapokea ni mzee aliyewahi kupiga katika bendi za dansi, sasa anatengeneza magitaa na amplifaya nyumbani kwake. Baba na kijana walimwamkia, akaitikia, kisha akauliza mpigaji ni yupi. Kijana akanyoosha mkono kwa aibu.

Mzee hakuligusa gitaa. "Mjukuu wangu, nionyeshe vidole," alisema.

Aliutazama mkono kwa muda, akapitisha kidole chake pembeni mwa shingo ya gitaa, kisha akamgeukia baba. "Baba, huyu hajakosa kipaji. Huyu anakatwa na vyuma."

Saini ni ahadi ya vilivyomo

Wazazi wengi huona saini kwenye gitaa kama urembo, mfano wa jina la mchezaji mgongoni mwa jezi. Kwa watengenezaji halisi, saini hiyo ina maana zaidi. Ni makubaliano kati ya kiwanda na msanii kwamba gitaa hilo limetengenezwa kwa vipimo na vifaa alivyovitaka yeye, na jina lake linatumika kwa ruhusa yake.

Mtindo huu si mpya. Mwaka 1952, kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umeme lililobeba jina la mpiga gitaa Les Paul, na hadi leo Les Paul ni miongoni mwa magitaa yanayojulikana zaidi duniani. Mwaka 1987, kampuni ya Ibanez ya Japani ilitoa gitaa la JEM lililobuniwa na Steve Vai, lenye freti 24 na tundu la mkono lililotobolewa kwenye mwili wake. Mwaka 1988 Fender ikatoa Stratocaster ya Eric Clapton, ya kwanza ya aina hiyo kubeba saini ya msanii.

Stratocaster ya Clapton inaonyesha vizuri kwa nini saini si mapambo. Mgongo wa shingo yake haukuwa wa duara kama wa magitaa mengi. Una umbo la V lililolainishwa, kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyopenda kushika. Ndani yake kuna saketi ya kuongeza nguvu ya sauti za kati, na saketi hiyo inaendeshwa na betri ya volti 9. Ukizungusha nobu ya tatu, sauti inakuwa nene na yenye nguvu.

Fundi alikuwa anajua hilo. Alifungua skrubu za lile bamba la plastiki lililo mbele ya gitaa, akaligeuza, akamwonyesha baba.

Hakukuwa na betri, wala nafasi ya betri, wala waya wa kuiunganisha. Kulikuwa na nyaya nyembamba zilizounganishwa kwa lehemu iliyomwagika ovyo. Nobu ya tatu ilikuwa ya kupunguza ukali wa sauti tu, kama kwenye gitaa lolote la bei nafuu.

"Saini ipo, lakini alichokiahidi mwenye saini hakimo," alisema mzee. "Hili halikutoka Fender."

Mahali pa kukagua kabla ya kulipa

Biashara ya magitaa bandia ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Desemba 2024, maofisa wa forodha wa Marekani walitangaza kukamata zaidi ya magitaa 3,000 bandia yenye jina la Gibson katika bandari za Los Angeles na Long Beach, yakitokea Asia. Kama yangekuwa halisi, thamani yake ingezidi dola milioni 18. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi yenye viwanda hivyo, mnunuzi wa mbali anayeona picha tu kwenye simu ana kazi kubwa zaidi.

Hata hivyo, mzazi asiyejua kupiga hata noti moja anaweza kukagua mengi kwa macho na mikono yake.

Anza na bei. Stratocaster ya Clapton ikiwa mpya huuzwa zaidi ya dola 1,500 na Les Paul Standard ya Gibson huzidi dola 2,000. Kwa fedha za Tanzania hayo ni mamilioni. Mtu anayekuuzia kitu hicho kikiwa "kipya kabisa" kwa laki sita au saba lazima awe na maelezo, na maelezo ya "nina shida ya haraka" hayatoshi.

Uliza limetengenezwa wapi. Stratocaster ya Clapton hutoka kiwanda cha Fender kilichopo Corona, California. Magitaa ya umeme yenye jina la Gibson hutengenezwa Marekani. Ukikuta jina la Gibson mbele na maneno ya "Made in China" nyuma, huna haja ya kuendelea na ukaguzi.

Geuza kichwa cha gitaa, utazame namba ya utambulisho. Kwa magitaa ya kawaida ya Gibson kutoka kiwanda cha Marekani, namba hupigwa kwa muhuri ndani ya mbao, na ukipitisha ukucha unasikia mabonde yake. Kwenye mengi ya bandia namba imechapwa juu juu, au tarakimu zake zimepinda na hazilingani ukubwa.

Lakini namba peke yake isikupe usingizi. Fender ina huduma mtandaoni ya kuangalia namba, na inasaidia. Tatizo ni kwamba waghushi hunakili namba ya gitaa halisi na kuipiga kwenye magitaa mengi. Namba isiyopatikana ni dalili mbaya, ila namba inayopatikana bado si ushahidi kamili.

Kwa gitaa linaloitwa Gibson Les Paul, tazama kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kilichopo kichwani, juu kidogo ya mahali nyuzi zinapoanzia. Cha Gibson hushikwa na skrubu mbili. Cha bandia mara nyingi kina tatu. Mwombe muuzaji akifungue. Chini yake kuna ncha ya chuma cha kunyoosha shingo, na kwenye Gibson utakuta nati ya shaba inayozungushwa kwa spana. Ukikuta tundu la kuingiza kifunguo chembamba cha pembe sita, simamisha mazungumzo ya bei.

Nembo nayo ina la kusema. Kwenye Les Paul Standard, jina la Gibson si stika. Limekatwa kutoka kwenye kitu chenye mng'ao wa kombe la baharini na kupachikwa ndani ya mbao. Kwenye bandia unaweza kuona rangi iliyojazwa kuziba mapengo kuzunguka herufi, au herufi zenyewe zikiwa nene kuliko kawaida.

Kisha angalia daraja, yaani kile chuma kilicho mwilini mwa gitaa ambacho nyuzi hupita juu yake. Kwenye Les Paul nyingi za bandia, daraja limesimama juu ya nguzo mbili nene zenye mfereji mpana wa bisibisi. Za Gibson kwa kawaida huwa nyembamba zaidi.

Mwisho, omba kuona ndani. Magitaa mengi ya umbo la Les Paul yana kifuniko cha plastiki mgongoni kinachofunguka kwa bisibisi ndogo. Nyaya zilizopangwa vizuri na lehemu safi hazithibitishi uhalisi, lakini uchafu na nyaya za kuokoteza hupaswi kuzikuta kwenye chombo cha mamilioni. Muuzaji anayekataa kabisa kufungua kifuniko, au anayekataa kutuma picha ya nyuma ya kichwa, amekujibu tayari.

Kuna mtego mwingine wa maneno. Baadhi ya wauzaji husema gitaa "limesainiwa na Clapton mwenyewe". Saini ya toleo huwekwa kiwandani na hufanana kwenye kila gitaa la aina hiyo. Saini ya kalamu iliyoandikwa na mkono wa msanii ni jambo jingine kabisa na huhitaji uthibitisho wake. Usilipie ya pili wakati unaonyeshwa ya kwanza.

Si kila la bei nafuu ni bandia

Hapa wazazi wengi huteleza upande wa pili. Wakishaumwa na nyoka, huogopa hata ung'ongo, na hudhani kila gitaa lililotoka China au Indonesia ni feki.

Si kweli. Epiphone ni mali ya Gibson, na magitaa yake mengi hutengenezwa China kwa kibali kamili. Yana umbo la Les Paul, bei ya chini, na jina la Epiphone limeandikwa wazi kichwani. Squier ni ya Fender, nayo hutengeneza Stratocaster za bei nafuu katika viwanda vya Asia. Kampuni ya PRS ya Maryland, Marekani, ina safu yake ya SE inayotengenezwa nje ya nchi hiyo, na imewahi kuwa na toleo la Carlos Santana. Epiphone nayo imewahi kutoa magitaa yenye jina la Slash.

Maana yake ni kwamba mtoto anayetaka gitaa la msanii anayempenda anaweza kulipata kihalali bila mzazi kuuza kiwanja. Pia kuna makampuni yanayotengeneza magitaa ya wanaoanza kwa jina lao wenyewe. Yamaha Pacifica ni mfano mmojawapo.

Tofauti ipo kwenye ukweli wa jina. Gitaa la laki tano lililoandikwa Squier linakwambia lilivyo, na fundi wake kiwandani alilipitisha akijua jina la kampuni litaulizwa likiharibika. Gitaa bandia limetengenezwa ili lipendeze kwenye picha. Aliyelitengeneza anajua lawama zikija hazitamfikia, hivyo hana sababu ya kutumia muda kulainisha vyuma ambavyo mtoto wako atavishika kila siku.

Simu na rula vinaweza kupima

Baada ya kufunga bamba, mzee alimwomba kijana simu yake. Akamwelekeza apakue programu ya bure ya kutyuni gitaa, kisha wakaanza kupima mbele ya baba.

Kipimo cha kwanza mzazi yeyote anaweza kukifanya dukani. Piga uzi mmoja ukiwa wazi, uukaze hadi programu ionyeshe kwamba noti iko sawa. Kisha bonyeza uzi huohuo kwenye freti ya 12, mahali ambapo magitaa mengi huwa na alama mbili, ukaupige tena. Programu inapaswa kuonyesha herufi ileile ya noti, na mshale ubaki katikati au karibu sana na katikati.

Kwenye gitaa la kijana, mshale ulikimbia upande wa kulia kwa nyuzi zote sita. Alikuwa akityuni nyuzi zikiwa wazi, kila kitu kinaonekana sawa, lakini akishapanda juu ya shingo kila noti inapotoka. Sikio lake lilimwambia kuna kosa. Kwa kuwa gitaa lilikuwa na saini ya mtu mkubwa, akaamua kosa ni lake.

Mshale ukikimbia, usikate tamaa mara moja. Huenda nyuzi zimechakaa au vile vipande vidogo vya darajani vinahitaji kusogezwa, kazi ambayo fundi huifanya kwa muda mfupi. Kama vimesogezwa hadi mwisho na noti bado haikai, basi daraja limefungwa mahali pasipo pake.

Kwa hilo, tumia tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka mwanzo wa nyuzi upande wa kichwani hadi freti ya 12, halafu kutoka freti ya 12 hadi darajani. Urefu wa sehemu hizo mbili unapaswa kukaribiana sana, ule wa darajani ukizidi kwa milimita chache tu. Kwa Stratocaster, sehemu ya kwanza ni kama sentimita 32.4.

Kipimo cha pili ni cha rula ya shuleni. Isimamishe juu ya freti ya 17 na utazame uzi upo juu kiasi gani. Fender hupendekeza takriban milimita 1.6. Ukikuta zaidi ya milimita 3, mtoto atalazimika kubonyeza kwa nguvu nyingi kila noti. Kwenye gitaa la kijana, uzi mnene ulikuwa karibu milimita 4.

Kipimo cha tatu hakihitaji chombo. Pitisha kiganja taratibu pembeni mwa shingo, kutoka juu hadi chini, pande zote mbili. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na ncha zake zinapaswa kuwa zimelainishwa. Zikikukwaruza wewe mtu mzima kwa mpito mmoja, fikiria vidole vya mtoto vinavyopita hapo mara mia kwa jioni moja.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Kila anayejifunza gitaa huumwa ncha za vidole katika wiki za mwanzo. Ngozi inazoea nyuzi za chuma, inajenga sugu, na maumivu hupungua yenyewe kadiri mazoezi yanavyoendelea. Hayo si ya kumtisha mzazi.

Mikwaruzo ubavuni mwa vidole ni suala jingine. Mazoezi hayatibu freti yenye ncha kali. Vivyo hivyo maumivu ya kifundo cha mkono au kwenye mzizi wa kidole gumba, ambayo mara nyingi hutokana na kubana shingo kwa nguvu kwa sababu nyuzi ziko juu mno au mtoto amekaa vibaya.

Ganzi, kuchomachoma kama sindano, au maumivu yanayoendelea hata baada ya mtoto kupumzika siku kadhaa ni dalili za kusimamisha mazoezi na kumwona daktari. Mtoto asiambiwe "kaza" anapoeleza ganzi.

Kwa anayeanza, dakika 15 hadi 20 kisha mapumziko zinafaa zaidi kuliko saa nzima mfululizo. Pia mwombe fundi afunge nyuzi nyembamba, zinazoitwa namba 9 na wapigaji. Ni laini kubonyeza, na zipo kwa ajili ya magitaa ya umeme ya kila bei.

Jambo la kusikiliza zaidi ni maneno ya mtoto. Mtoto aliyechoka na gitaa husema limemchosha. Anayesema "mimi ndiye sifai" anaweza kuwa amepambana na chombo kibovu kwa muda mrefu, na anahitaji mtu mzima akikague kabla hajaamini anachokisema.

Ukishagundua ni bandia

Mzee alichukua gitaa lake kuukuu lisilo na jina, lenye rangi iliyobanduka, akampa kijana. "Piga kile unachokipiga nyumbani."

Kijana akaanza kwa woga. Akapiga kipande kile alichokuwa akikosea kila Jumamosi mbele ya wenzake wa kwaya, akafika juu ya shingo, noti zikakaa mahali pake. Akasimama, akavitazama vidole vyake, akarudia tena. Baba yake alikuwa ameketi kwenye benchi, kimya.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, baba alifungua simu. Tangazo alikuwa amelitayarisha tangu asubuhi kwa ajili ya kundi la WhatsApp la wazazi: gitaa jeupe, Fender, toleo la Eric Clapton, Sh650,000. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Hasara ya laki saba si ndogo kwa familia yenye watoto watatu shuleni.

"Baba, sasa tunajua si la kweli," alisema kijana. "Atakayelinunua si atampa mwanawe?"

Mzazi anayejikuta hapo ana njia kadhaa. Kwanza, arudi kwa muuzaji akiwa na picha, ujumbe wa makubaliano na uthibitisho wa malipo, adai fedha zake. Ndiyo sababu ni vizuri kulipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na kuhifadhi tangazo la awali kabla halijafutwa.

Pili, atoe taarifa. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2008 na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Wengi hufikiri vyombo hivi ni vya dawa, simu na vipuri tu, lakini gitaa lenye jina la kuiba nalo ni bidhaa bandia.

Tatu, asiliuze kwa jina hilo. Kulipitisha kwa mzazi mwingine kama halisi ni kumtapeli kama ulivyotapeliwa, na kunaweza kukuingiza kwenye mkono wa sheria.

Nne, amuulize fundi kama linaweza kuokolewa. Baadhi hayafai hata kutengenezwa, kwa sababu shingo imepinda au daraja limekaa vibaya. Mengine ni mbao ya kawaida iliyofanyiwa kazi ya haraka, na yakilainishwa freti, yakishushwa nyuzi na kufungwa vifaa vizuri, yanafaa kujifunzia.

Gitaa la kijana lilikuwa kwenye kundi la pili. Daraja lilikuwa mahali pake, ila vipande vyake havikuwahi kurekebishwa. Fundi aliomba Sh60,000 na siku tatu. Alipiga tupa ncha za freti, akashusha nyuzi, akafunga seti ya namba 9. Hakuahidi kwamba litalia kama la Clapton. Aliahidi kwamba halitamkata tena.

Aliweka sharti moja: jina na saini vitoke. Siku ya kulichukua, alimpa kijana kipande cha msasa laini, naye akakaa mlangoni akisugua kichwa cha gitaa hadi ikabaki mbao tupu. Mzee akamwambia kwamba enzi zake watu walimfahamu Mbaraka Mwinshehe kwa vidole vyake, hakuna aliyeuliza kichwa cha gitaa kimeandikwa nini.

Muuzaji hajarudisha fedha, na siku hizi hapokei simu. Baba alipeleka taarifa, kisha akafuta lile tangazo na kuandika jingine kwenye kundi la wazazi. Aliweka picha ya bamba lililofunguliwa, akaeleza lilipo kosa, bei aliyolipa na namna ya kupima kwa simu na rula. Ndani ya siku mbili, wazazi wawili walimwandikia pembeni kumwomba namba ya fundi.

Nyumbani, gitaa halipo tena chini ya kitanda. Mama anasema sasa tatizo ni kumfanya kijana alizime amplifaya saa tatu usiku ili wadogo zake walale. Na jioni moja, bila kuombwa na mtu, baba aliingia chumbani kwake akamwomba radhi kwa kumwita mvivu.